Dawa Haivunji Mfungo



Ndugu wasomaji, sisi ni mafrateri wawili. Mwaka wetu wa kichungaji tuliufanya katika kigango kimoja cha Kwai, huku Lushoto. Ni jambo lililotupata hukohuko ndilo linalotufanya tuandike. Tumelichelewesha, maana kila tulipoanza kuliandika, kalamu ilikuwa nzito. Lakini Kwaresima nyingine inakaribia, na wenzetu wengi watatumwa vigangoni, na wazee wetu wengi watafunga. Tumeona afadhali aibu yetu isomwe kuliko ikae kimya na kumdhuru mtu mwingine.

Wanaoifahamu Kwai wanajua kwamba ni nchi ya mboga. Mabonde yake yamejaa kabichi, karoti, viazi na spinachi, na usiku malori hupakia kuelekea Tanga na Dar es Salaam. Wajerumani nao waliliona hilo mapema, wakafungua hapo shamba la majaribio mwishoni mwa karne ya 19, ili kujua ni mazao gani ya Ulaya yangestawi katika baridi yetu. Lakini ni nchi ya miinuko pia. Ukitoka kanisani kwenda nyumba ya mgonjwa unashuka bonde, unavuka kijito, kisha unapanda mpaka magoti yanalia. Mwezi wa kwanza tulihema kama ng'ombe wa kulima. Aliyetuongoza katika njia hizo zote alikuwa katekista wa kigango, mzee wa miaka 67, naye alikuwa akitungoja juu na kutucheka.

Jina lake hatulitaji. Sisi tulimwita Baba, naye alituita wanangu. Amefundisha watoto wa Komunyo ya kwanza kwa zaidi ya miaka 30, na baadhi ya waliobatizwa kwa maandalizi yake sasa ni wajukuu wa wale wa kwanza.

Baba alikuwa na presha. Aligunduliwa miaka kadhaa kabla yetu, siku wauguzi walipokuja kupima watu baada ya Misa. Hakuwa anaumwa popote. Hilo ndilo fumbo la ugonjwa huu: hauumi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kuwa watu wazima bilioni 1.28 wa umri wa miaka 30 hadi 79 duniani wana shinikizo la juu la damu, na karibu nusu yao hawajui kama wanalo. Baba alikuwa miongoni mwa wenye bahati ya kujua. Alipewa vidonge vya aina mbili: amlodipini, ambayo hulegeza mishipa ili damu ipite kwa nafasi, na dawa ya kukojosha, ambayo hupunguza chumvi na maji mwilini.

Miezi ya mwanzo alituambia mambo mawili, na yote mawili tuliyapokea vibaya.

La kwanza, alisema akiinuka asubuhi kwa haraka anapata kizunguzungu, na siku moja aliteleza kwenye mteremko wa shamba akiwa amebeba jembe. Tulimjibu, "Utazoea tu, Baba." Tulidhani tunamtia moyo. La pili, alisema ile dawa ya kukojosha inamwaibisha. Katekista anasimama mbele ya watu, anaongoza Ibada ya Neno, anaongoza Njia ya Msalaba inayozunguka mlima kwa saa nzima, naye mara tatu anatafuta kichaka. Hapo tulicheka. Naye akacheka pamoja nasi, na tangu siku hiyo hakulisema tena.

Ikaja Kwaresima. Mwaka ule iliangukiana na Ramadhani, kwa hiyo kijiji kizima kilikuwa kama kimefunga: Wakristo na Waislamu, majiko yakiwa baridi mchana. Baba alifunga kila siku isipokuwa Dominika. Hakula chochote mpaka jioni. Sisi tulimtaja katika mahubiri madogo ya Ijumaa kama mfano: tazameni, mzee wa miaka 67 anafunga, na ninyi vijana mnatafuta sababu. Watu wakamtazama, naye akainamisha kichwa. Tulichokuwa hatujui ni kwamba pamoja na chakula alikuwa ameacha na vidonge. Aliamini vidonge havimezwi tumbo likiwa tupu, na pia kwamba kumeza kitu mchana ni kuvunja mfungo. Na kichaka, bila shaka, kilikuwa na neno lake.

Ijumaa ya tano, kwenye kituo cha saba, pale tunapotafakari Bwana wetu akianguka mara ya pili, Baba alianza kusoma na maneno yakamgoma. Tulidhani ni majonzi. Kisha kitabu kikamponyoka mkono wa kulia, mdomo ukapinda upande, akaketi chini taratibu kama mtu aliyechoka.

Hapa ndipo tulipokaribia kufanya kosa kubwa kuliko yote. Mmoja wetu alikuwa na aspirini mfukoni. Alikuwa amesoma mahali kwamba aspirini huokoa mtu mwenye shambulio la moyo, akaitoa na kuomba maji. Aliyemshika mkono alikuwa dada mmoja wa kwaya. Alisema kwa sauti ya ukali ambayo hatukuwahi kuisikia kwake: "Usimpe, Frateri! Hujui kama ni damu imeganda au imepasuka. Na akimeza atapaliwa."

Alikuwa na haki ya kujua. Tutarudi kwake.

Baba alibebwa kwa machela ya miti mpaka barabarani, akapakiwa kwenye gari la mboga. Hospitalini presha yake ilisoma 210 kwa 120. Alipopelekwa mbele zaidi, picha ya kichwa ilionyesha kuwa mshipa ulikuwa umevuja damu ndani ya ubongo. Kiharusi kiko cha aina mbili. Kimoja hutokana na damu kuganda na kuziba mshipa, na hapo daktari, akishahakikisha kwa picha, anaweza kutumia aspirini. Kingine hutokana na mshipa kupasuka, na hapo aspirini, ambayo kazi yake ni kuzuia damu isigande, huweza kuongeza kuvuja. Kwa macho huwezi kuvitofautisha. Kidonge kile kilichokuwa mkononi mwetu kilikuwa dawa kwa mgonjwa mwingine, na kwa Baba kingeweza kuwa sumu.

Usiku ule hatukulala. Tulikaa kwenye benchi la nje, baridi ikipenya kwenye makoti, tukihesabu tuliyosema na tuliyonyamaza.

Muuguzi aliyempokea alituomba tulete kila kitu ambacho Baba alikuwa anameza. Mama wa nyumbani kwake alikusanya vyote katika mfuko mmoja. Vidonge vya presha vilikuwa vimebaki vingi, na idadi yake ilitueleza kila kitu. Kulikuwa na chupa ya dawa ya mizizi isiyo na jina. Na kulikuwa na pakiti mbili za diklofenaki, alizonunua dukani kwa ajili ya magoti. Muuguzi alizinyanyua akauliza, "Hizi anakunywa tangu lini?" Mama akajibu, "Kila akipanda mlima, mwanangu."

Ndipo tukafundishwa jambo ambalo tungepaswa kulijua sote tunaoishi na wazee wa milimani. Dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni hufanya mwili ushikilie chumvi na maji, hupandisha presha, na hupunguza nguvu ya dawa za presha. Zikimezwa pamoja na dawa ya kukojosha, na hasa ikiongezeka dawa ya kundi la enalapili au losatani, figo huweza kuumia. Baba alikuwa akipanda mlima kwa dawa moja na kushuka kwa nyingine, na hakuna aliyewahi kuzitazama zote mezani kwa pamoja.

Tulimwuliza daktari swali lililotukaba: je, ni kwa sababu aliacha vidonge? Hakutupa jibu jepesi. Alisema kwa mgonjwa mmoja hakuna anayeweza kuapa. Wako wanaomeza kila siku na bado wanapata kiharusi, na wako wasiomeza kabisa wakafika uzeeni. Lakini kwa watu wengi kwa pamoja, alisema, hesabu haina ubishi.

Baadaye tuliitafuta hesabu hiyo. Mwaka 1967 madaktari wa hospitali za maveterani nchini Marekani, wakiongozwa na Edward Freis, walitangaza matokeo ya wanaume 143 waliokuwa na presha kali sana. 73 walipewa dawa na 70 walipewa vidonge visivyo na kitu. Katika kundi lisilo na dawa, wanaume 27 walipatwa na madhara makubwa. Katika kundi la dawa, 2 tu. Kabla ya hapo wako madaktari walioamini kwamba presha ya uzee ni ya kuachwa kama mvi. Tangu wakati huo tafiti nyingi zimekusanywa, nazo zinaonyesha kuwa kushusha namba ya juu ya presha kwa 10 tu hupunguza viharusi kwa takribani robo. Hayo ndiyo manufaa, na si madogo. Kidonge cha Baba, kilichokuwa kikimchosha kwa vichaka, kilikuwa kikimkinga na kitu asichokiona.

Lakini ndugu msomaji, usiishie hapo, maana sisi tuliishia hapo na ndiyo maana tulikosea. Tulijua manufaa, kwa hiyo kila alipotaja adha tulimnyamazisha. Mtu aliyeambiwa faida tupu, akikutana na adha ya kwanza anadhani amedanganywa, na anaacha dawa kimyakimya. Kizunguzungu chake kilikuwa kweli. Kuanguka kwake shambani kulikuwa kweli. Mzee akivunjika nyonga mlimani si jambo la kuchekwa. Tungempeleka zahanati siku ile, pengine kipimo kingepunguzwa, au dawa ingebadilishwa, au angeelekezwa kuinuka taratibu na kukaa kwanza kitandani. Ile ya kukojosha pengine ingehamishiwa saa nyingine. Ni mambo madogo, lakini hayafanyiki kama mgonjwa amenyamazishwa.

Miezi iliyofuata tulisoma sana, kwa kiasi cha watu wasio madaktari, na kila dawa ya moyo tuliyoisoma ilikuwa na historia ya namna hiyo: neema na hatari katika chombo kimoja, na katikati yake kipimo.

William Withering, daktari wa Kiingereza, alichapisha mwaka 1785 kitabu juu ya ua la digitali. Dawa hiyo aliipata kwa bibi mmoja wa kijijini, aliyekuwa akitibu watu waliovimba miguu kwa mchanganyiko wa majani mengi. Withering alitambua jani lenye kazi, lakini jasho lake la miaka kumi hasa lilikuwa kutafuta kiasi, maana jani hilohilo likizidi kidogo humtapisha mgonjwa, humfanya aone rangi za ajabu, na huweza kusimamisha moyo. Kutokana nalo tunayo digoksini mpaka leo, na mpaka leo madaktari huiogopa kwa heshima. Kwa hiyo tusiwadharau bibi zetu wenye mizizi. Ila chupa ya mizizi ya Baba haikuwa na kipimo, na muuguzi hakuweza kujua imefanya nini ndani ya mwili wake.

Hata Usambara yetu imo katika historia hii. Upande wa mashariki, Amani, Wajerumani walianzisha mwaka 1902 taasisi ya utafiti, na kati ya miti waliyoipanda ni mkwinini. Gome lake hutoa kwinini ya malaria, na pia hutoa ndugu yake aitwaye kwinidini. Mwaka 1914 daktari Mholanzi, Karel Wenckebach, aliandika kuhusu mgonjwa aliyegundua mwenyewe kuwa kwinini inamtuliza mapigo ya moyo yaliyovurugika. Mwaka 1918 Walter Frey wa Ujerumani akaonyesha kwamba kwinidini ina nguvu zaidi. Ilitumika miaka mingi, na polepole ikaonekana kwamba kwa baadhi ya wagonjwa dawa hiyo ya kutuliza mapigo ndiyo iliyoyavuruga.

Na aspirini je? Kwa aliyewahi kupata shambulio la moyo, au kiharusi cha kuziba, aspirini ndogo ya kila siku ni kinga iliyothibitishwa. Lakini wako wazee wetu wazima kabisa wanaoinunua dukani "ya kulainisha damu". Mwaka 2018 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa Australia na Marekani wa watu 19,114, wengi wao wa miaka 70 na zaidi, waliokuwa hawana ugonjwa wa moyo. Aspirini haikuwaongezea miaka ya afya njema, bali iliongeza kuvuja damu. Dawa ni ileile na mtu ni mwingine, na jibu linageuka.

Sasa turudi kwa yule dada wa kwaya. Utotoni aliugua koo mara kwa mara, na hakuna aliyejali. Koo la mtoto huponaga lenyewe. Lakini bakteria wa koo wasipotibiwa huweza kuleta homa ya baridi yabisi, na homa hiyo huweza kula vali za moyo. Alipofika miaka 19 hakuweza kupanda kilima cha kanisa bila kuketi mara nne. Alifanyiwa upasuaji Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, akawekewa vali ya chuma. Leo anaimba sauti ya kwanza. Ukikaa karibu naye kanisani kukiwa kimya kabisa, unaisikia vali yake ikigonga kama saa ndogo.

Vali hiyo inataka damu isigande, kwa hiyo anameza wafarini kila siku, na atameza maisha yake yote. Wafarini ilianza kujulikana kwa ng'ombe wa Amerika ya Kaskazini waliokufa kwa kuvuja damu baada ya kula majani yaliyooza. Wanasayansi wa Wisconsin waliitafuta sababu, na mwaka 1948 ikauzwa kama sumu ya panya. Mwaka 1954 ikaruhusiwa kwa binadamu. Ikipungua, vali inaganda. Ikizidi, mwili unavuja. Katikati kuna njia nyembamba, na anayeipita lazima apimwe damu mara kwa mara. Kutoka Kwai safari hiyo humgharimu siku nzima na nauli ya pikipiki na basi.

Na adui wa wafarini ni nini? Ni mboga za majani! Zina vitamini K, ambayo huusaidia mwili kugandisha damu. Fikiria kuishi Kwai, katikati ya spinachi na kabichi, na dawa yako inagombana na chakula cha nyumbani kwako. Tulimwuliza kama ameacha mboga. Akacheka. "Hapana, Frateri. Sikuambiwa niache. Niliambiwa nisibadilibadili. Nakula kiasi kilekile kila siku, na kipimo cha dawa kinapangwa kufuatana na hicho. Kinachoniangusha ni wiki ya kula sana na wiki ya kutokula." Kisha akaongeza kitu ambacho tumekiandika kwenye daftari zetu: "Mimi Kwaresima sifungi chakula. Nafunga maneno."

Mwaka ule alikuwa katika mafundisho ya ndoa pamoja na mchumba wake. Kwake swali la mtoto si la kawaida. Wafarini huweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa miezi ya mwanzo. Na kuiacha huweza kuigandisha vali na kumwua mama. Njia zipo, za kubadilisha dawa kwa wakati fulani chini ya jicho la daktari wa moyo na wa uzazi, lakini hakuna njia isiyo na hatari. Yeye na mchumba wake walikwenda kwa madaktari kabla ya kufunga ndoa, wakasikiliza yote, wakarudi na kumweleza paroko wazi. Hatukuwa na cha kuwafundisha. Tulikaa tu nao. Wamefunga ndoa, na bado wanaomba na kutafakari. Tunaomba nao, nanyi mwaombee.

Tuliowakosea kwa kutowauliza walikuwa wengi, na aliyetufundisha kuuliza hakuwa hata wa kwetu. Jirani ya kigango anaishi mwalimu wa madrasa, mzee mwenye presha kama Baba. Alipokuja kutupa pole, tulimwuliza yeye anafunga vipi Ramadhani. Alisema mwezi mmoja kabla alikwenda zahanati na vidonge vyake mkononi, akauliza hiki nimeze wakati wa daku, na hiki wakati wa futari, inawezekana? Muuguzi akampangia, na kimoja akakibadilisha. "Mimi nilidhani na ninyi mnafanya hivyo," alisema. Hakusema kwa kejeli. Ilituchoma zaidi kwa sababu hiyo.

Maana sisi tulikuwa na jibu tangu mwanzo, tena tumelifanyia mtihani seminarini! Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1252, yasema wazi kwamba wajibu wa kufunga huwahusu watu wazima mpaka wanapouanza mwaka wa 60. Baba alikuwa na miaka 67. Hakuwa na wajibu huo hata Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Kanuni ya 919 inatutaka tujizuie na chakula na kinywaji kwa saa moja kabla ya Komunyo, isipokuwa maji na dawa. Isipokuwa maji na dawa, ndugu zangu! Wala wazee na wagonjwa, pamoja na wanaowauguza, hawabanwi na saa hiyo. Kanisa lilikwisha kumfikiria Baba kabla sisi hatujazaliwa. Sisi ndio tuliomficha huruma yake, tukamsifu hadharani kwa kitu ambacho Mama Kanisa hakumdai.

Na Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anatuagiza tumheshimu tabibu, anatukumbusha kuwa dawa zimetoka katika ardhi kwa mapenzi ya Mungu, na papo hapo anamwambia mgonjwa asali. Hatenganishi kimoja na kingine. Kumeza kidonge kwa uaminifu, kila asubuhi, bila kuona matunda yake, pengine ndio mfungo mgumu kuliko wa chakula.

Baba yupo. Mkono wa kulia bado mzito, na maneno huja moja moja. Mwezi wa tatu tangu aanguke tulimkuta nje ya nyumba, kwenye jua, watoto wa Komunyo wakiwa wamemzunguka kwenye nyasi. Alikuwa akiwafundisha ishara ya msalaba kwa mkono wa kushoto, na watoto wote nao wakitumia wa kushoto. Tulitaka kuwasahihisha, kisha tukanyamaza. Tulimwamkia, tukapiga magoti karibu yake, tukamwomba msamaha kwa kucheka siku ile, na kwa kumtaja kanisani. Alitafuta maneno kwa muda mrefu.

"Wanangu," alisema hatimaye, "mngeniuliza... ningewaambia."

Hayo tu. Hatujapata mahubiri makali kuliko hayo.

Tangu siku hiyo, tunapomtembelea mgonjwa hatuanzi na maneno ya faraja. Tunauliza: Baba, Mama, unameza nini? Tuonyeshe zote, za hospitali, za dukani, za mizizi. Ipi inakusumbua, na inakusumbuaje? Je, kuna uliyoiacha? Hatumwambii aongeze wala apunguze, maana sisi si madaktari, na ziko dawa, kama zile za kupunguza mapigo ya moyo, ambazo kuziacha ghafla ni hatari. Lakini tunasikiliza mpaka mwisho, kisha tunamsindikiza zahanati, au tunamwomba mtu wa jumuiya amsindikize, akiwa na mfuko wake wote. Na kwa jumuiya ndogondogo tunasema: mdomo ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakikwama, usimpe kitu mdomoni, hata aspirini, hata maji. Tafuta gari.

Na Jumatano ya Majivu, kabla ya kupaka majivu, tutawaomba mapadre wetu waseme sentensi moja zaidi kwa wazee na wagonjwa: dawa haivunji mfungo.

Mwombeeni Baba Katekista. Na mwende mkamwulize mzee wa karibu yenu, kabla hamjamsifu.